Kilichobaki cha Mjomba wa Panya

Bi Matone hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mumewe, na mumewe alikuwa bingwa wa kuwapachika watu majina yasiyotoka hata kwa sabuni. Siku ya kwanza alimkuta amekaa kwenye kiti cha maabara, mgongo umenyooka, akitia dawa kwenye kisahani: tone moja, anangoja, tone jingine. Mwanamume akasimama mlangoni na gunia la maranda begani, akauliza, "Bi Matone, kwani ukiyamwaga yote mara moja serikali itaanguka?" Akatia tone jingine. Jina likabaki, na mwaka uliofuata wakaoana.

Jina la mwanamume nalo lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyetunza panya weupe kwenye vyumba vya chini vya jengo lile, panya ambao watafiti waliwapandikiza saratani kisha wakawajaribia dawa. Aliwalisha, akawabadilishia maranda, akawapima uzito. Mwisho wa jaribio yeye ndiye aliyewaua, maana wenye shahada zao walipenda matokeo lakini hawakupenda kuua. Kila alipowatia kwenye sanduku la gesi aliwaambia, "Haya wajomba, tuwiane radhi." Watu wakacheka, wakamwita Mjomba wa Panya, halafu wakafupisha wakamwita Mjomba tu, hata mkewe.

"Panya wa jengo hili wamepona saratani mara nyingi kuliko binadamu wote duniani," alikuwa akisema wakati wa chai. "Ukitaka kupona, omba uzaliwe na mkia."

Alisema kwa mzaha, lakini mkuu wa maabara, mwanamke mmoja mkavu wa maneno aliyeitwa Daktari bila nyongeza, hakuwa akicheka. Alijua kuwa panya si mtu. Dawa iliyoyeyusha uvimbe wa panya ilifika kwa mgonjwa ikageuka maji. Ndipo akaanza njia nyingine. Mgonjwa akipasuliwa, kipande cha uvimbe wake kililetwa maabara kwenye barafu, kikakatwakatwa, kikalazwa ndani ya jeli kwenye kisahani, kikanyweshwa chakula cha majimaji na kuwekwa kwenye kabati lenye joto kama la mwili. Baada ya muda zikachipuka duara ndogondogo mfano wa punje za chumvi. Wenyewe waliziita vitufe. Kila kitufe kilikuwa na tabia za ugonjwa wa mwenyewe, ubishi wake na udhaifu wake, kwa hiyo dawa ilijaribiwa pale pale kwenye kisahani, bila panya kuguswa. Kazi ya kuvilea ilimwangukia Bi Matone, kwa ule mkono wake usio na haraka.

Mjomba alikuwa akipanda juu kuchungulia kwenye hadubini. "Hiki hakinuki, hakiumi, wala hakikukimbii," alimwambia mkewe. "Mnanifukuzisha kazi huku mnanichekea." Lakini vyumba vya chini vilipoanza kufungwa kimoja kimoja hakununa. Alisema amechoka kuombana radhi na viumbe wasiojibu.

Kisha akaugua yeye. Utumbo. Kabla hajapasuliwa, Daktari alikwenda mwenyewe wodini kumwomba ruhusa ya kuchukua kipande cha uvimbe.

"Chukueni," Mjomba alisema. "Wale niliowapeleka mimi hamkuwauliza hata mmoja. Angalau mimi mmenibishia hodi."

Akawa Namba Saba, maana maabara ile haikuandika majina ya wagonjwa. Vitufe vyake vilikua kwa kujikongoja, vikawa vichache, vingine vikagandishwa kwenye vichupa ndani ya pipa la baridi kali ili visipotee. Mjomba mwenyewe alipewa dawa mpya ambayo ndiyo kwanza ilikuwa ikijaribiwa kwa watu. Hakuhitaji kubembelezwa. Dawa hiyo aliijua: miaka ya nyuma aliwapa panya kwa mkono wake akaona uvimbe unanywea siku hadi siku, wajomba wanarudia kukimbia. Akaimeza kwa imani ya mtu aliyeshuhudia. Ilimtapisha miezi, ikamng'oa nywele, ikamkausha ulimi, na uvimbe haikuugusa. Akafa.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi msemo huo siupendi, maana unalilaumu sikio na kuiachia dawa iende zake.

Bi Matone alibaki nyumbani na mama mkwe wake. Hawakuwa wamejaliwa watoto. Aliyoyakosa hayakuwa makubwa. Alikosa milango ya makabati iliyoachwa wazi, ambayo miaka yote aliifunga huku akinung'unika, na sasa aliikuta imefungwa, akasimama mbele yake hajui la kufanya. Alikosa ule mluzi wa bafuni uliokuwa nje ya kila wimbo. Chakula kilimshinda, akakuta amepika sawa na zamani, kikabaki. Hamu ilimshika mahali ambapo hakuitegemea, dukani, kwenye ngazi, mkono ukiwa kwenye kitasa.

Lakini kazini kulikuwa na Saba.

"Nikimpa mwenzako kazi ya Saba?" Daktari alimuuliza aliporudi baada ya msiba.

"Atamlisha nani kama mimi?" alijibu, na Daktari alisikia kuwa amesema atamlisha, si atavilisha, ila akanyamaza. Pale alikosea. Wakavu wa maneno nao huona haya mbele ya mjane.

Sasa lazima nieleze sheria moja ya chumba kile, maana ndiyo iliyozaa mambo. Mezani kwenye kabati la hewa safi, pale mikono inapofanyia kazi, hapakai watu wawili. Yaani visahani vya mgonjwa mmoja vikitolewa, vya mwingine vinabaki kwenye joto. Ukimaliza unafuta meza kwa spiriti, unabadilisha glavu, ndipo unamtoa wa pili, na kila mmoja ana chupa yake ya chakula. Sababu ni kwamba kuna seli za polepole na kuna seli zenye pupa. Tone moja la wale wenye pupa likiingia kwa wapole, wapole wanaisha kimyakimya, wageni wanajaza nyumba, na kwa macho yote ni vitufe vilevile. Bi Matone alimfundisha sheria hiyo kila aliyeingia pale, tena kwa ukali.

Basi yeye ndiye aliyekuwa akimtoa Saba kwanza, anamweka upande wa kulia, kisha anawahudumia wengine Saba akiwa palepale. Kwa ajili ya kuwa naye tu. Visahani vyake vilikuwa vimefunikwa, mara nyingi. Alimnong'oneza habari za nyumbani: mama hajambo, bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, fundi kaja kaangalia kaondoka. Siku chakula cha Saba kilipopungua alimchotea kwenye chupa ya jirani. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wenzake walimwona wakageukia mambo yao.

Baada ya miezi kadhaa Saba akaanza kustawi. Vitufe vilivyokuwa vikijikongoja vikajaa kisahani, vinono, vya mviringo. Bi Matone alifurahi mpaka akacheka peke yake. "Amenenepa," alimwambia Daktari. Njiani kurudi nyumbani siku hiyo alinunua maua akayaweka mezani, akamwambia mama mkwe kuwa yalikuwa rahisi.

Ndipo likaja jaribio lenyewe. Wakubwa wa taasisi walitaka kuamua: vyumba vya panya vifungwe kabisa, au vifunguliwe upya na visahani vitupwe. Daktari akawaahidi ushahidi. Alikuwa na vitufe vya wagonjwa waliomeza dawa ile ile ya Mjomba, wengine walipona, wengine haikuwasaidia. Atavitia dawa hiyo, na kila kisahani kiseme kilichompata mwenyewe. Visahani vikasema. Aliyepona, vitufe vyake vilikufa. Aliyezidiwa, vitufe vyake viliishi. Vyote vilisema kweli isipokuwa vya Saba. Vitufe vya Saba vilikufa vyote.

Mmoja wa wakubwa alisema kisahani kinachodanganya hakina ubora kuliko panya anayedanganya, na panya angalau wamemzoea. Lakini Bi Matone hakuyasikia hayo. Yeye alibaki na neno moja likimzunguka kichwani: kumbe dawa ilimfaa. Kama ilimfaa kwenye kisahani, mbona hakupona? Alianza kuhesabu makosa yake. Labda siku zile Mjomba alipotapika ilimpasa amrudishie kidonge. Labda alimpa akiwa na njaa, au ameshiba. Hospitali labda ilichelewa. Alikuwa akisimama katikati ya kupiga pasi, anakumbuka siku fulani, anasema kwa sauti, "Ile siku nisingemwacha alale." Hamu iliyokuwa ikimuuma sasa iliota meno.

Daktari hakuridhika. Alichukua vitufe vya Saba akavipeleka kupimwa asili, kipimo kinachoonyesha seli ni ya mtu gani, akavilinganisha na damu ya Mjomba iliyohifadhiwa. Jibu lilipokuja alimwita Bi Matone ofisini akafunga mlango.

"Kaa, dada yangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Bi Matone alikaa.

"Vile si vyake. Ni vya mgonjwa Namba Kumi na Moja. Vimemwingilia, sijui tangu lini. Kwenye visahani vyote vya Saba hakuna hata kimoja chake."

Bi Matone aliangalia mikono yake. Alijua tangu lini. Tangu siku ile ya kunenepa.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namtoa akae na wengine. Na chakula nilimchotea chupa ya Kumi na Moja. Nilimtaka karibu, Daktari, na kwa kumtaka karibu nimempoteza."

Kumi na Moja alikuwa mwanamke ambaye dawa ilimponya. Yu hai mahali fulani mjini, anakula, anasinzia, anagombana na watu, hana habari kuwa kuna mjane aliyemnong'oneza habari za bomba la jikoni miezi yote hiyo. Bi Matone alitaka kucheka akashindwa. Mjomba angecheka mpaka akae chini.

"Kimebaki kichupa kimoja," Daktari alisema. "Kwenye pipa, tangu siku za mwanzo kabla ya haya. Vingine tulijaribu kuviamsha havikuamka. Hicho kikiamka kitatosha jaribio moja, hakitabaki cha kuhifadhi. Ruhusa alitoa mwenyewe, naweza kukifungua leo. Lakini sitakifungua bila neno lako."

"Na nikikataa?"

"Nitawaambia wakubwa kuwa Saba amepotea. Wataamini wanachotaka kuamini."

Bi Matone aliomba ruhusa ya kwenda kufikiri. Ukweli ni kwamba hakwenda kufikiri, alikwenda kutafuta mtu wa kukataa kwa niaba yake. Alimkuta mama mkwe jikoni anachambua mchele, akaketi mbele yake akamweleza yote, taratibu, tangu kipande cha kwenye barafu.

Mama aliacha kuchambua. "Ngoja kwanza. Ule uvimbe uliomla mwanangu unaniambia uko hai?"

"Mbegu yake, mama. Imelala kwenye baridi."

"Na wewe muda wote huu ulikuwa unatoka hapa asubuhi unakwenda kuulisha."

"Nilidhani ni wake. Kumbe ulikuwa wa mtu mwingine."

"Wake au wa mwingine, ulikuwa unaulisha." Mama alisukuma ungo pembeni. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ukitoe nguoni ukakipikie."

Bi Matone alianza kulia. "Ni chake, mama. Sina kingine chake."

"Una mimi. Masikio yake ni haya haya, si mlikuwa mnatucheka? Hicho cha kwenye chupa kinapiga mluzi?"

"Hakipigi."

"Kinaacha makabati wazi?"

"Hapana, mama."

"Basi." Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi pia namtaka, mwanangu. Kila mlango ukigongwa nadhani kasahau ufunguo. Ila namtaka yeye, sikitaki kilichomla. Kipeni hiyo dawa kife."

"Kama kisahani kinasema kweli, mama, hakitakufa. Yeye dawa haikumsaidia. Kikiishi ndiyo kweli yenyewe."

Mama aliuvuta ungo tena. Jambo hilo lilikuwa gumu kulimeza, adui wa mtoto wake ashinde mara ya pili, tena ashangiliwe. "Basi mkakiulize," alisema mwishoni, "na mkawaambie watu kweli. Mwanangu hakupenda kuzungushwa."

Kichupa kilitolewa kwenye pipa kinafuka moshi wa baridi. Bi Matone alikitikisa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka barafu ya mwisho ikaisha, akakimimina polepole. Safari hii meza ilikuwa na mtu mmoja tu. Hakunong'ona kitu. Alifanya kazi kama inavyofanywa, akafuta, akabadilisha glavu, akamrudisha kwenye joto. Kwa siku nyingi hazikuonekana ila punje chache zilizotawanyika, akadhani hata hiki hakitaamka. Halafu asubuhi moja akainama kwenye hadubini akaona vitufe, vichache, vya pembepembe, havina unono wowote. Alivitambua. Aliona haya kuwa aliwahi kuvisahau akafurahia vile vinono vya watu.

Walivigawa sehemu mbili kwenye kisahani chenye vishimo vidogovidogo. Nusu wakavitia dawa, nusu wakaviacha, wakangoja.

Siku ya kusoma jibu waliingia kwenye chumba kidogo cha mashine ya mwanga, yeye na Daktari peke yao. Jibu hupatikana hivi: unatia tone la maji maalumu linalopasua kila seli, na iliyokuwa hai inatoa mwanga kidogo, iliyokufa haitoi. Jicho la mtu haliuoni mwanga huo, mashine ndiyo inauhesabu. Ila kuulizwa huko ndiyo mwisho. Baada ya tone hakuna tena kitufe, kiwe kilishinda au kilishindwa.

"Nitie mimi?" Daktari aliuliza.

"Hapana. Nitatia mwenyewe."

Alitia tone moja moja, kwa mwendo wake ule ule, shimo kwa shimo mpaka la mwisho. Alipofika la mwisho mkono ulisita. Alijua kuwa baada ya hapo hapatakuwa na chochote duniani kilichotoka kwake. Akatia. Daktari akafunga mlango wa mashine, na wote wawili wakasimama wakitazama kioo.

Namba zilipanda. Vilivyotiwa dawa na visivyotiwa vilikuwa sawasawa, dawa ilivipitia kama maji ya mvua kwenye bati.

"Havikufa," Daktari alisema. "Kisahani kimesema kweli." Furaha ilimjaa usoni kabla hajaizuia, kisha akamtazama mwenzake akaona haya. "Nisamehe. Vyumba vya chini havitafunguliwa tena, ndicho nilichokuwa nawaza."

"Usinitake radhi. Angefurahi." Bi Matone alikuwa bado anatazama kioo. "Daktari, kama tungeviuliza kwanza. Kabla ya kumpa ile dawa. Tangu alipopasuliwa mpaka kupata jibu hili, ingechukua muda gani?"

Daktari angependa kulikwepa swali hilo. "Wiki sita hivi. Vyake ni vya polepole."

"Na dawa aliimeza mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho."

Miezi ile yote Mjomba aliimaliza amelala kauelekea ukuta. Aligeuza uso ili mkewe asisikie harufu, ndoo ikiwa pembeni, na mkewe alikaa kwenye chumba cha pili akichuja supu isiyokaa tumboni. Hawakuzungumza. Yeye hakuwa na nguvu, na mkewe aliogopa kumchosha, akidhani watazungumza dawa ikimaliza kazi yake. Sasa Bi Matone alijua anachokitaka, na hakijawahi kuwa kwenye pipa wala kwenye kisahani. Aliitaka miezi ile, bila ile dawa. Hakuomba hata apone. Alimtaka mgonjwa wake anayekufa, ameketi kitini, hajatapika, anamchokoza.

"Angeniambia mengi," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomshinda mbele ya Daktari. "Alikuwa mtu wa kupenda sana kuongea."